Walichoandika Juu ya Luteni Mbuyi

Kabla vita haijafika Kolwezi, kazi yangu kwenye uwanja wa ndege ilikuwa ya kuchosha, nami niliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Asubuhi natoka nyumbani Kapata kwa baiskeli, nakagua mapipa ya mafuta, yote yamelazwa ubavu. Pipa likisimama, mvua hutuama juu ya kifuniko na maji hupenya ndani.

Kabla ya kujaza helikopta nilichota mafuta kwenye chupa ya kioo, nikaiinua juani. Mafuta yale hayana rangi, lakini maji huzama chini yake na kuchora mstari. Ukiuona mstari, usijaze. Halafu unasugua tone kati ya vidole: mafuta huteleza, maji hayatelezi. Mzee aliyenifundisha kazi alikazania sana hilo la vidole. Mimi niliona ni mambo ya wazee, chupa inatosha.

Wapiganaji walipovuka mpaka kutoka Angola, askari waliokuwa uwanjani waliyachukua mapipa yangu, wakayasimamisha kuzunguka kituo chao ili wajikinge na risasi. Kujikinga na risasi nyuma ya mafuta! Lakini sikuwa mtaalamu wa vita, nikafunga mdomo. Mvua ikanyesha siku nne.

Siku ya tano Luteni Mbuyi, rubani wetu, aliamriwa kupeleka dawa Kisenge na kurudi na majeruhi. Alikuwa mtu mpole. Tulilingana umri, ila aliniita tata, yaani baba, kwa sababu nilikuwa nimeoa kabla yake.

Risasi zilianza kusikika ng'ambo ya barabara.

Nilivuta pipa la karibu. Nikachota. Nikainua chupa.

Haikuwa na mstari.

"Tata, iko safi?" Luteni aliuliza, tayari amekaa kwenye kiti chake.

"Iko safi, Luteni."

Vidole sikusugua. Vilikuwa vimelowa mvua, na watu walikuwa wanapiga kelele.

Nikajaza. Helikopta ilipanda, ikaelekea magharibi. Kabla haijapotea machoni, injini ilikatika. Ikaangukia nyaya za umeme, ikawaka. Alikufa Luteni, akafa na fundi wake aliyekuwa ndani naye.

Nilirudi kwenye lile pipa. Yale yaliyobaki niliyasugua kati ya vidole. Hayakuteleza. Chupa haikuwa na mstari kwa sababu yote niliyochota yalikuwa maji matupu, na pua yangu, iliyoshiba harufu ya mafuta miaka yote ile, haikuniambia kitu. Helikopta ilipanda kwa mafuta machache yaliyokuwa yamebaki ndani yake. Nikayamwaga majanini kabla mtu hajaja. Niliogopa, sina neno lingine la kuliita.

Mapigano yalipotulia ilikuja komisheni ya maofisa watatu. Walifanya kazi kwa makini, siwezi kuwasingizia. Walipima urefu wa nguzo, wakaokota vipande, wakachora ramani. Injini ilikuwa imeungua vibaya, haikuwapa jibu. Ndipo waliponiita mimi.

"Tata, ulipima ile mafuta?" mkubwa wao aliuliza.

"Nilipima, mon commandant."

"Uliona mayi?"

"Apana."

Siku zile neno hujuma lilitosha kumsimamisha mtu ukutani apigwe risasi. Nilikuwa na mke na watoto wawili. Waliandika: kosa la rubani, aliruka chini mno akagonga nyaya. Uvumi nao ukaongeza chumvi, kwamba alikuwa amelewa.

Mjane wake, Mama Béatrice, alikuja kunitafuta Kapata.

"Banasema bwana yangu alikuwa amekunywa. We ulimuona asubuhi. Ni kweli?"

"Apana, mama. Hakukunywa hata kidogo."

Akanishukuru. Shukrani ile iliniuma kuliko tusi, na bado sikusema.

Ilipita miaka kumi na moja. Siku moja mchana nilikwenda kwake Manika, nikamweleza yote: chupa, vidole, majani. Alisikiliza akichambua mboga, mikono haikusimama.

"Ju ya nini haukusema ile siku?"

"Bangeniua, mama."

Alifikiri. "Ndiyo. Bangekuua." Akatenga mboga pembeni. "Bibi yako angekuwa mjane sawa na mi. Ile naelewa."

Nilidhani tumemaliza. Nikainuka, nikamwambia kwamba niko tayari kurudia maneno yale mbele ya mtu yeyote wa ukoo, hata mbele ya mama mzazi wa Luteni, ambaye nilijua anaishi humo nyumbani mwake.

"Tulimuzika mwezi ile ilipita," alisema. "Kila siku ya Mungu alikuwa anaenda ku misa ju ya mutoto yake. Alikuwa anaomba Mungu amusamehe, ju aliua ule fundi."

Nilisimama mlangoni na kofia mkononi. Miaka kumi na moja mama yule alimwombea mwanawe msamaha wa kosa langu.