Kitambaa Juu ya Macho ya Keji

Nilipokuwa mtoto wa kuchota maji kwa kibuyu, huko kwetu Lurujo, Koboko, kaskazini mwa Uganda, mdogo wangu Keji alipatwa na degedege. Tulikuwa tunachambua mboga mchana, yeye mwili wake moto tangu jana. Mara akakakamaa, mikono ikatetemeka, macho yakageuka yakabaki meupe matupu.

Nyanya yangu aliutupa ungo. Mama alikuwa amesafiri kwa siku kadhaa kwenda kuuza sokoni Arua, kwa hiyo neno lilikuwa la nyanya peke yake.

"Ndege ya porini imepita juu ya nyumba," akasema. "Iko inatafuta macho ya mtoto."

Akavua kitambaa chake cha kichwani, akamfunika Keji macho, akaniweka nilinde. "Wewe usifungue. Ukifungua, ndege inaingia, inabeba macho yake."

Jirani yetu, mama mmoja kutoka Sudani aliyeuza chumvi, akachungulia mlangoni. "Mama, peleka mtoto hospitali."

"Wamchome sindano afe? Wewe uza chumvi yako!"

Yule mama akajitwika chumvi yake, akaenda zake.

Msidhani nyanya alikuwa mtu mbaya. Hakula. Alimpangusa Keji kwa maji ya majani, akamwimbia mpaka sauti ikamkauka. Alimpenda kwa kile alichokijua.

Siku ya pili alitoka kutafuta majani mengine, nami nikafungua. Nilitaka tu kumwona. Macho ya Keji yalikuwa wazi. Nikapitisha kidole mbele yake, hayakufuata. Nikarudisha kitambaa upesi, sikumwambia mtu.

Mama alirudi siku ya tatu. Alimfunga Keji mgongoni, baba mdogo akawapeleka zahanati kwa baiskeli. Keji alipona, lakini alirudi haoni. Miezi ikapita, macho yakarudi polepole. Mkono wa kushoto na maneno havikurudi. Mpaka leo, mtu mzima mwenye mvi, ananiita "eh" tu. Nami nikakua, nikaolewa, nikazaa, nikijua kwamba mimi ndiye niliyeifungulia ile ndege.

Sasa naishi Mvara, mjini Arua, kwa mwanangu. Mvua hizi zilizopita, mjukuu wangu Kiden, mtoto wa miaka mitatu, alikakamaa asubuhi akinywa uji. Mkono wangu wenyewe ulishafika kichwani kuvua kitambaa, ukamfunika macho.

"Mama, toa hiyo kitu! Panda boda!" mkwe wangu, mama yake Kiden, akanifokea. Nikapanda.

Hospitalini walimwekea dawa ya mshipani kwanza. Baadaye daktari, msichana tu, akamtia matone machoni, akawasha taa ndogo, akainama kumchungulia. Nikamshika daktari mkono.

"Binti, usimfungue macho hivyo."

"Kwa nini, nyanya?"

Nikamweleza yote, hata habari ya kidole. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisema. Hakunicheka.

"Malaria kali inaziba mishipa midogo ya ubongo," akasema. "Kichwa siwezi kufungua. Lakini nyuma ya jicho kuna mishipa inayoumia namna ileile, ndiyo hiyo naitazama. Wewe hukumfanya ndugu yako kitu. Ubongo wake ndio uliumia. Angeletwa mapema..."

Akauona uso wangu, akaizima taa.

Kwa hiyo sikumpotezea Keji macho. Nililia kwa kutuliwa mzigo, kisha nikalia tena, maana chini yake kulikuwa na mwingine. Kidole changu kiliona, nami nikakaa kimya. Ningemwambia hata yule mama wa chumvi! Nilikuwa mtoto, najua. Nyanya pia hakujua. Lakini Keji bado anasema "eh".

Siku ya pili Kiden alifumbua macho. Nikapitisha kidole mbele yake. Macho yalifuata mpaka nusu, yakaachia.

Kitambaa kilikuwa mapajani mwangu. Sikukigusa. Niliita muuguzi kwa sauti mpaka wodi nzima ikageuka.