Kingamwili Isiyoshika

Resiato Ngoyai alizaliwa Malambo, kwenye boma ambalo mtoto huzijua rangi za ng'ombe kabla hajajua kuhesabu. Leo ana miaka thelathini na moja, ni fundi wa maabara ndogo ya mifugo mjini Karatu. Huchunguza damu ya ndama waliochanjwa dhidi ya ndigana kali, ugonjwa wa kupe uliowahi kumaliza nusu ya zizi la baba yake.

Kila seli ya kinga ina vipokezi juu ya ganda lake, na kila aina ina vyake. Resiato hutia kwenye damu kingamwili, yaani protini za kunasa, zilizounganishwa na rangi inayong'aa. Kila moja hunasa kipokezi chake tu. Mashine ikiiona rangi hiyo, seli imejulikana. Anazozisaka zaidi ni seli uaji, zile zinazoangamiza seli zilizokwisha kuvamiwa na vijidudu; mnyama mwenye afya hakosi chache, na chanjo ikishika huongezeka.

Mwezi wa Mei mwaka jana walipima ndama ishirini wa Malambo. Seli uaji haikuonekana hata moja. Dakta Emilian, mkuu wa maabara, alivua miwani.

“Chanjo imegoma, Resiato. Tuandike hivyo.”

“Daktari, naomba usiandike kwanza.” Hakuzoea kumpinga. “Ndama wale nimewashika mwenyewe, wana afya. Zingekuwa chache ningekubali. Lakini sifuri, kwa wote ishirini? Nipe siku moja.”

Asubuhi alikwenda kwa jirani yake Laurencia, mkulima, akamtoa damu ndama wake mnene ambaye hajawahi kuugua. Alipompima, naye akatoka sifuri.

Hapo akajua kosa haliko kwa ndama. Akaichukua chupa ya kingamwili, akasoma maandishi madogo ubavuni, neno kwa neno. Wakala anayewauzia alikuwa ameishiwa na ile ya kawaida, akaleta nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya seli za binadamu. Kipokezi cha ng'ombe kina umbo tofauti kidogo, basi kingamwili ile ilikuwa ikipita tu bila kushika kitu.

Iliyo sahihi ilifika baada ya wiki tano. Wakarudi Malambo, wakachukua damu upya, na safari hii seli uaji zikajaa kwenye kioo cha mashine. Chanjo ilikuwa imefanya kazi.

Siku ya kuwapelekea wafugaji majibu, Dakta Emilian alizungumza Kiswahili, Resiato akitafsiri kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai. Mwishoni daktari alisema, “Mimi nilikwisha kushika kalamu niandike uongo bila kujua. Aliyenizuia ni binti yenu huyu.”

Resiato akatafsiri habari za chanjo, akaishia hapo.

“Mbona umeruka maneno?” aliuliza mzee Ngoyai, baba yake, akisimama. “Kiswahili nakisikia. Waambie yote.”

Uso ukimwaka moto, Resiato akayasema yote. Baba yake hakuketi mpaka alipomaliza.