Mfuata Kisahani

Mama Sindano, fundi cherehani, ulimi wake ulikuwa na mbio kuliko mashine yake. Shemeji yake alipokuja kudai bunduki ya marehemu kaka yake, eti mali ya kiume haikai chumba cha kushonea magauni, damu ilimchemka. Bunduki ile mumewe alimkabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Akamjibu mbele ya ukoo mzima: "Njoo klabu ya kulenga shabaha mwisho wa mwezi. Nikishindwa kuvunja visahani viwili pale kituo cha katikati, ichukue!"

Mdomo huponza kichwa. Katikati ndipo walengaji wazoefu wanapoumbuka. Visahani vya udongo hurushwa kwa pamoja kutoka minara miwili, kimoja kushoto, kimoja kulia, vikapishana hewani. Mazoezini, Mama Sindano alikuwa akivunja cha kwanza. Cha pili kilijiendea zake salama salimini.

"Kifuate, dada!" kocha alipiga kelele. "Mfuata nyuki hakosi asali!"

Akakifuata. Marisau, zile punje za risasi, yakapita nyuma yake. Akakifuata tena, yakapita kulekule.

Alirudi nyumbani amenuna. Akachukua rula yake ndefu ya mbao, akaiweka begani, akaanza kuipitisha kwenye mstari ambapo ukuta hukutana na dari, huku wanafunzi wake wa ushonaji wakibana vicheko. Kila alipojifanya anafyatua, rula ilisimama. Akarudia. Ikasimama.

Hapo akajishika kiuno. Si yeye aliyekuwa akiwagombeza hao hao kila siku? Mshono ukifika ukingoni usiachie mashine, pitiliza, ndipo ukate uzi!

"Ningekuwa mwanafunzi wangu ningeshajifukuza," alisema, na wote wakaangua kicheko.

Kesho yake alimwambia kocha, "Mimi sifuati tena. Nakipita kwa mtutu, nafyatua, naendelea."

"Utakikosa kwa mbele, dada."

"Afadhali. Nyuma nimeshapajua."

Akakikosa kwa mbele, tena mara nyingi tu, na kila alipokosa alicheka kwa hasira na kuita kingine. Kocha akaacha kuimba habari za nyuki.

Siku ya siku, shemeji alifika na mfuko mpya wa ngozi wa kubebea bunduki. Hakuona haya hata kidogo, akaufungua zipu kabisa.

Mama Sindano akasimama katikati. "Haya!" akaita.

Cha kwanza kikapasuka. Akageuka, akakikuta cha pili njiani, akakipita, akafyatua, na mtutu ukaendelea na safari yake. Kisahani kikawa vumbi.

"Bahati hiyo," shemeji akasema. "Rudia."

"Nilisema viwili. Hesabu mwenyewe vilivyobaki."

Akaikunja bunduki, maganda mawili ya risasi yakaruka, yakaangukia miguuni pa shemeji.

"Huo mfuko usirudi mtupu," akamwambia. "Niokotee maganda yangu."