Kikombe Nisichokitikisa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Picha hakunipa kamera. Alinipa ufagio. Chumba cha kamera cha jarida letu la utalii, pale Madinat Sultan Qaboos, kilitakiwa kifagiliwe mpaka chembe ya mwisho, maana mchanga ukiingia ndani ya kamera huikwaruza filamu yote. Nilifagia wiki mbili. Vijana wa leo mnaopiga kwa simu, nichekeni tu.

Nilikuwa mgeni Maskati, nimetoka Unguja, tena niko kwenye majaribio. Mwezi wangu wa tatu Mkuu akanituma jangwani nikalete picha ya jalada: matuta ya mchanga, alasiri.

"Ukija nayo, kazi yako," akasema. "Ukija mikono mitupu, nnakutafutia gari la mizigo la kuendesha kule viwandani Ghala."

Jua likiwa utosini, tuta huonekana bapa kama chapati. Likiinama, upande mmoja huwaka na wa pili huingia kivulini, na mikunjo iliyochorwa na upepo hujitokeza yote. Mwanga huo haukai. Na tuta usilikanyage kabla ya kulipiga picha, kwani nyayo zako zitabaki pale hadi upepo utakapopenda.

Tulifika mapema. Dereva wa jarida akalala garini, mimi nikasimamisha stendi ya miguu mitatu. Mzee mmoja wa Kibedui akaniita hemani kwake kunywa kahawa, na mwito kama huo haukataliwi. Nikanywa, nikamrudishia kikombe. Akajaza. Nikashukuru. Akajaza. Kiarabu changu siku zile kilikuwa cha msikitini tu, na kila nilivyozidi kushukuru ndivyo alivyozidi kumimina, huku akinisimulia habari za ngamia wake mmoja aliyepotea.

Nyuma ya bega lake tuta lilikuwa linageuka. Lilikuwa rangi ya ubani, likawa la asali, kisha mdalasini, kivuli kikilipanda polepole kama mtu anayevuta shuka. Kazi yangu ilikuwa inazama na jua. Hata hivyo sikuweza kuondoa macho, na sauti ya mzee ikawa inatoka mbali, kama ya ndotoni.

Dereva aliamka kwa ajili ya sala ya Magharibi, akachungulia hemani, akacheka.

"Kitikise kikombe, ndugu yangu. Usipokitikisa, hawezi kuacha kukumiminia."

Nikakitikisa. Mzee akaweka birika chini, akatabasamu. Nje, tuta lilikuwa jeusi.

Mbele ya Mkuu nilisema kweli yote. Akauliza tuta lilikuwaje. Nikamweleza rangi moja baada ya moja, naye akasikiliza hadi mwisho.

"Rudi wiki ijayo," akasema. "Kutikisa kikombe umeshajifunza. Kutazama sikufundishi tena."

Jalada nilileta, na mengine mengi baada yake, chini ya wakuu watatu. Yamo makabatini hapa nyumbani Al Khoudh, na siku hizi siyafungui. Nikifumba macho, linalonijia ni lile tuta nisilolipiga.

Alasiri mke wangu huleta kahawa barazani, jua likiuinamia mlima ulio mbele yetu. Kamera iko ndani. Yeye husimama na birika, akaniuliza, "Nkuongeze?"

Nami hukinyoosha kikombe, mkono umetulia.