Tundu la Adapta

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kutoamini rangi za waya. "Amini kiazi," alikuwa akisema. Ukichomeka ncha mbili za waya wa adapta kwenye kiazi mviringo kilichokatwa, baada ya muda ncha moja huacha alama ya ukijani. Hiyo ndiyo chanya. Nyumbani kwetu Katandala, mjini Sumbawanga, hatukuwa na kipimo kingine. Mama alilalamika kwamba tunamharibia mboga, kisha akatukatia kiazi mwenyewe.

Shirika alilofanyia kazi kaka likapunguza watu, akaenda Dar es Salaam kutafuta riziki, na huko akaugua. Barua ya mwisho ilisema amelazwa. Mvua ikiharibu njia, barua ilichukua hata mwezi kufika Sumbawanga, kwa hiyo mama alitegemea redio. Kila siku saa kumi alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, kusikiliza matangazo ya vifo. Jina la mwanawe lisiposomwa, aliinuka akaenda kupika. "Leo tumepona," alisema.

Redio yenyewe niliiunda mimi, kwa vipuri vya redio mbili zilizokufa, ndani ya sanduku la mbao. Ilikula betri vibaya sana. Tulizianika juani mpaka zikakataa kabisa. Miaka hiyo bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kujaa madukani, kila adapta na tabia yake, nami nikanunua moja ya kuendeshea redio kwa umeme badala ya betri, pamoja na tundu lake. Nikatoboa sanduku kwa msumari wa moto, nikalehemu waya mbili nyuma ya tundu: chanya katikati, hasi pembeni, kama kiazi kilivyoonyesha. Redio ikaimba. Nikajiona nawazidi mafundi wote wa sokoni, tena msichana.

Jirani naye aliniomba nimpimie adapta ya kinanda chake. Ilikuwa kinyume cha yetu, hasi katikati, na umeme ukiingia kinyume redio huungua, lakini ncha yake iliingia kwenye tundu langu bila taabu. Mama aliona ukijani umetokea upande mwingine, akauliza maana yake.

"Hayo ni ya kifundi, mama," nikamjibu.

Akasema basi niandike chochote pale kwenye sanduku. Nikasema litachafuka. Betri mama alizijua, kichwa huku na kitako kule. Tundu halikumwonyesha lolote. Kilikuwa kiburi changu, na sina jina zuri zaidi la kukiita.

Siku moja umeme wa jenereta ulirudi kwa kishindo, adapta yetu ikaungua. Nikaenda sokoni kutafuta nyingine. Saa kumi ikakaribia sijarudi, mama akaazima ya jirani, akaichomeka. Nilimkuta amesimama mbali na sanduku, chumba kinanuka moshi, kitenge mdomoni.

"Nimeichoma, mwanangu. Sijui nimefanya nini."

Mimi nilijua. "Ungenisubiri, mama," nikasema, tena kwa ukali.

Siku ya nne nilikuwa bado natafuta transista za kuziba pengo la zilizoungua. Mwanamke wa jumuiya yetu akaingia uani na beseni la unga kichwani, mwenzake nyuma na mzigo wa kuni. Kwetu unga na kuni haviingii pamoja nyumba isiyo na msiba. Mama alitoka jikoni akifuta mikono.

"Karibuni. Mnapeleka kwa nani?"

Yule wa unga hakulitua beseni. "Dada, kwani hamkusikia? Jina lake limesomwa redioni juzi, jana likarudiwa. Wamemzika jana saa tisa."

Hata tungesikia tusingewahi. Safari ya Dar ilikuwa siku mbili na zaidi. Hilo nalijua. Lakini mama angemlilia mwanawe saa ile alipofukiwa, na saa ile alikuwa akichambua maharage huku akiimba.

Kila mfiwa hupewa pole. Mama alipopewa yake alijibu, "Mimi ndiye niliyeichoma redio." Aliwaambia wote walioingia, siku tatu mfululizo. Nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja, bega kwa bega, na sikufungua kinywa. Niliona aibu, halafu nikazoea.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakuwahi tena kuwasha hata taa bila kuniuliza kwanza, na mimi kila jioni nilimjibu kwa upole, kama mtu mwema, "Washa tu, mama, haitaungua."