Majora Yangu, Kadi ya Wifi

Miaka tisa wifi yangu alinifanya nimshukuru kwa kuniibia. Kuibiwa mtu anasahau. Ila zile asante nilizotoa! Hizo bado zinanikereketa koo, na sina mpango wa kuzimeza.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Kusoma niliishia darasa la pili, lakini kitambaa nakipima kwa jicho, na mtu pia. Wifi huyu mmoja tu ndiye aliyenipita. Ni dada wa marehemu mume wangu, alikuwa na kazi ya ofisini na kadi ya benki, ile ya kununua leo ukalipa mwisho wa mwezi.

"Usitembee na hela mkobani, wifi, vibaka wengi," aliniambia. "Nipe mimi, nikulipie kwa kadi."

Kumbe kibaka mwenyewe ndiye aliyekuwa ananisindikiza dukani. Nampa hela taslimu, yeye anachanja kadi, halafu anamgeukia muuza vitambaa: "Bila mimi huyu angekuwa anashona viraka." Nami nainamisha kichwa, asante wifi, asante sana. Na magauni nikamshonea bure.

Aliyenifumbua macho ni huyo muuza vitambaa, mzee mwenye mdomo mrefu kuliko futi yake ya kupimia. Siku moja wifi katoka nje kupokea simu, mzee akasema, "Mama Sare, wifi yako ana bahati. Kila jora lako, benki inamrudishia chake."

"Chake kipi?"

"Tatu kwa kila mia. Hujui? Kadi zile zinamrudishia hela anayenunua."

Nilibeba jora langu mpaka nyumbani, nikakaa kwenye meza ya kukatia hadi chai ikapoa.

Kesho yake nikamwambia wifi nataka kadi yangu. Unadhani alishtuka? "Chukua kama yangu! Nakupeleka mwenyewe." Baadaye nikasikia kuwa ukipeleka mteja mpya benki, unapewa zawadi.

Dada wa benki, ana kucha ndefu kama mikasi, akatuwekea karatasi mbili mezani.

"Hii, Bibi, inarudisha tatu kwa mia. Hii nyingine mbili tu."

"Tatu," akadakia wifi. "Hata mtoto anajua tatu inazidi mbili."

Nimeona watu wakibebewa vyombo kwa sababu ya karatasi waliyotia sahihi bila kuielewa, na mimi cherehani ninayo moja, ndiyo iliyolea wanangu.

"Mwanangu," nikamwambia yule dada, "kitambaa kizuri cha bei rahisi lazima kina tundu mahali. Nionyeshe tundu la hii ya tatu."

Akacheka. "Kila mwezi lazima ununue mpaka ufike kiwango chetu. Usipofika, unakatwa ada."

"Na ya mbili?"

"Haina kiwango, haina ada. Ila zote, Bibi, deni ulilipe lote mwisho wa mwezi. Ukichelewa, riba itakula ulichorudishiwa na zaidi."

Hapo ndipo nilipong'amua. Kumbe! Miezi ile mikavu, shule zimeshafunguliwa, hakuna anayetaka hata kaptula, wifi alikuwa anakuja mbio: "Nunua mapema, bei zinapanda!" Bei hazikupanda hata siku moja. Rafu zangu zilijaa kaki na buluu, panya wakazalia humo, ili yeye afikishe kiwango chake.

"Kazi yangu ni ya msimu," nikasema. "Nipe ya mbili."

"Wifi, acha ujinga!"

"Ujinga wangu umeshalipiwa, wifi. Taslimu."

Nikatia sahihi, herufi nne zimepinda kama pindo la mwanafunzi. Nilipotoka nje, miguu ilikuwa myepesi kama ya msichana. Mwezi ule nikalipa deni lote kabla ya siku, benki ikanirudishia hela ya boksi moja la vifungo. Kidogo, eti? Kidogo, lakini changu.

Mwezi wa tatu tangu nipate kadi, wifi akanifuata dukani kwa muuza vitambaa, uso umemsinyaa. Miezi miwili mfululizo amekatwa ada.

"Wifi yangu kipenzi, kati ya majora haya matatu, mawili tu yapite kwenye kadi yangu. Nisaidie."

Muuza vitambaa akaacha kukata, mkasi uko hewani.

"Rudia neno la mwisho," nikasema.

"Nisaidie."

"Na ile miaka tisa, nani alikuwa anamsaidia nani? Sema mzee huyu asikie. Si ndiye uliyekuwa unamtangazia?"

Akaangalia sakafu. Akaangalia majora. Sakafu tena.

"Wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unanisaidia. Mimi nilikuwa nakula tu."

Nikashusha pumzi, ndefu, mpaka mabega yakalegea. Halafu nikampa mzee kadi yangu, akaichanja kwa majora yote matatu.