Filamu Niliyokataa Kumtafsiria Mama

Nikiwa mwaka wa pili chuoni Busitema, nilikuja nyumbani Busia na wenzangu wawili kushinda Jumapili. Mama alikuwa muuza dagaa, mukene kama tunavyowaita huku. Aliwatoa Majanji kando ya ziwa, akawauza sokoni. Alitupikia kuku, tukala, kisha tukaweka filamu ya Kiingereza ya kuchekesha. Mama na bintiye wanaamka asubuhi wamebadilishana miili: binti anakwenda kazini na mwili wa mama, mama anakwenda shule na sare ya binti.

Mama akaja kuketi mkekani nyuma yetu. Kiingereza hakukijua, alikuwa na Kisamia chake na Kiswahili cha sokoni. Alipoona mama mtu mzima anaruka kamba ofisini, alicheka mpaka akajifuta machozi.

Ikaja sehemu ya kimya. Yule binti aliyemo katika mwili wa mama amejifungia chooni kazini, amevua viatu, analia kwenye simu.

"Huyo anasema nini?" mama akaniuliza.

"Wanagombana tu."

"Na mbona analia?"

"Mama, tazama tu." Niliona haya mbele ya wenzangu.

Akatazama. Baada ya muda akasema, "Mimi nikipata mwili wako siku moja, nakwenda darasani kwenu. Nakaa tu, nasikia vile wanafundisha."

"Utalala, mama."

Wenzangu wakacheka. Naye akacheka kidogo, akainuka kwenda kuosha vyombo. Hakurudi kuona mwisho, na mimi sikumwita.

Tangu siku hiyo hakuniomba tena nimtafsirie kitu. Presha ilimwangusha pale sokoni kabla sijamaliza chuo, tukamzika wiki hiyohiyo.

Mwaka jana, hapa Tororo ninapofundisha, binti yangu aliiweka filamu ileile. Tulipofika sehemu ile ya chooni nikasikiliza vizuri. Yule binti wa filamu alikuwa anamwambia mama yake kwenye simu: sikujua miguu yako inauma hivi kila siku, na bado unarudi nyumbani unacheka nasi.

Binti yangu aliniona uso umebadilika, akasimamisha filamu. Nikamweleza yote, alichouliza nyanya yake na nilichomjibu.

"Si ungemwambia tu?"

"Ningemwambia."

Akaiwasha filamu tena, tukaendelea kutazama.